Meno yote yapo, lakini zipu inafunguka: jibu kwa mshona mabegi

Swali la dada mmoja wa Morogoro: “Nashona mabegi ya shule. Mengi yanarudishwa baada ya miezi michache kwa sababu ya zipu. Meno yote yapo, lakini ukifunga, zipu inaachia nyuma ya kichwa. Fundi mwenzangu anakiminya kichwa kwa plaizi, zipu inashika siku chache, kisha yanarudi yaleyale. Kibovu ni meno au kichwa? Je, nibadilishe zipu nzima? Halafu kijana wangu amesoma mahali kwamba zipu ilivumbuliwa na Judson mwaka 1893, na mahali pengine kwamba ni Sundback mwaka 1913. Yupi ni wa kweli, na kitu kidogo hivi kilichukuaje miaka 20?”

Dada yangu, nianze na linalokupotezea wateja. Ikiwa meno yote yapo na yamesimama sawasawa, na zipu inaachia nyuma baada ya kichwa kupita, basi kibovu ni kichwa, yaani kile kipande kinachotelezeshwa kufunga na kufungua zipu. Mwenzako anaminya mahali penyewe hasa, ila chuma cha ndani kimeshalika, na kuminya hakukirudishi. Zipu nzima usiibadilishe kwanza. Nitakueleza cha kufanya, lakini niruhusu nipitie kwenye swali la kijana wako, kwa sababu kilichomsumbua Sundback miaka ile ndicho kinachokusumbua wewe leo: kuvifanya vipande vidogo vingi vikutane kwa kipimo kilekile, kila mara, bila kukosea hata kimoja.

Chukua zipu ya chuma, ile nene ya suruali ya jinzi, uifungue na ulitazame jino moja kwa karibu. Si kipande bapa tu. Upande wake unaoelekea juu ya zipu una nundu ndogo, na upande unaoelekea chini una kishimo kinacholingana na nundu hiyo. Meno ya kulia na ya kushoto yana umbo moja. Tofauti ni mpangilio: yanapishana, jino la kulia likitazamana na pengo la kushoto. Zipu ikifungwa, nundu ya kila jino inaingia kwenye kishimo cha jino lililo juu yake upande wa pili, na kishimo chake kinapokea nundu ya jino lililo chini. Kwa hiyo kila jino limeshikwa na wenzake wawili.

Sasa jaribu kuzivuta pande mbili zitengane. Hazitoki. Ili nundu itoke kishimoni, meno mawili yaliyolibana jino hilo yanapaswa kuachana kidogo, na utepe ulionyooka hauyapi nafasi hiyo. Lakini ukiupinda utepe, meno yanatawanyika kama kurasa za kitabu kilichopindwa mgongo: shinani yamekaribiana, nchani yamepanuka. Hapo nundu inapata njia ya kuingia au kutoka. Kazi yote ya kichwa ni kuupinda utepe kwa makusudi, mahali pamoja tu, ili meno yaingiliane yakiwa yametawanyika, halafu kuunyoosha yakiwa yameshaumana.

Ndiyo maana ndani ya kichwa mna njia yenye umbo la herufi Y. Mbele kuna matawi mawili yanayotenganishwa na kabari, na nyuma kuna njia moja. Ukivuta kufunga, kuta za pembeni zinayasukuma meno yaingiliane, na mabamba mawili, la juu na la chini, yanayazuia yasipande wala yasishuke. Ukirudisha nyuma, kabari inapita katikati na kuyatenganisha. Hakuna springi inayoyashika meno, hakuna gundi. Ni umbo na kipimo, basi. Yashike haya mawili, kwa sababu historia nzima imejengwa juu yake.

Tukienda kwa kijana wako: hata 1893 si mwanzo. Elias Howe, Mmarekani aliyepata hataza, yaani hati ya kulinda uvumbuzi, ya cherehani mwaka 1846, alipewa nyingine mwaka 1851 kwa kifungo cha nguo chenye vibanio vilivyopangwa mfululizo na kuvutwa kwa uzi. Howe alikuwa amezama kwenye biashara na kesi za cherehani, kifungo kile hakukifanyia kitu, na wazo likalala kwa zaidi ya miaka 40.

Ndipo akaja Whitcomb Judson wa Chicago. Enzi hizo buti zilikuwa ndefu, zenye safu ya vifungo vingi vidogo, na watu walitumia kijiti chenye ndoano kuvifunga kimoja kimoja. Tarehe 29 Agosti 1893 Judson alipata hataza mbili, namba 504,037 na 504,038, za kulabu zilizopangwa kwa safu na kifaa cha kuteleza kilichozifunga kwa mvuto mmoja. Kichwa cha kuteleza, basi, tunadaiwa na yeye, na deni hilo si dogo. Alipata pia mtu wa kumwamini, mwanasheria Lewis Walker kutoka mji wa Meadville, Pennsylvania, aliyeweka fedha zake kwenye kifungo hiki na kuendelea kuziweka kwa miongo miwili bila faida ya maana. Wavumbuzi huandikwa sana, na watu wa aina ya Walker husahaulika. Mimi namweka katika safu ya walioitengeneza zipu.

Kifungo cha Judson kilikuwa na kasoro mbili. Ya kwanza ni umbo. Kulabu hushika upande mmoja tu, na ukipinda kidogo huponyoka. Toleo lake la kama mwaka 1905, lililoshonwa kwenye utepe na kuuzwa kwa jina la C-curity kwa ajili ya sketi, lilikuwa na sifa ya kumwachia mvaaji anapoinama au kukaa. Lilishika kutu pia, hivyo ilibidi kufumuliwa kabla ya kufua na kushonwa upya baadaye. Mwanamke gani angekubali adha hiyo kila wiki ya kufua? Kasoro ya pili ni uzalishaji. Judson alijaribu kuunda mashine ya kutengeneza kifungo chake, ikawa tata na yenye kukwama kila mara. Kipande kimoja kizuri unaweza kukitengeneza kwa tupa na subira. Elfu kumi vinavyofanana ni kazi nyingine kabisa, na hapo Judson hakufika. Alifariki mwaka 1909.

Gideon Sundback alizaliwa Sweden mwaka 1880, akasomea uhandisi wa umeme Ujerumani, na mwaka 1905 akahamia Marekani, alikofanya kazi kwanza katika kampuni ya Westinghouse huko Pittsburgh. Mwaka 1906 aliajiriwa na kampuni iliyobeba kazi ya Judson, wakati huo ikiwa Hoboken, New Jersey. Alimwoa Elvira, binti wa meneja wa kiwanda. Sundback alianza kwa kurekebisha kulabu za Judson, na toleo lake, Plako, lilishika vizuri zaidi lakini bado liliachia. Mwaka 1911 Elvira alifariki, na Sundback akajifungia kazini.

Jaribio lililofuata linafaa sana kwa mtu anayeshona, hivyo nilieleze kidogo. Aliachana na kulabu kabisa. Upande mmoja wa kifungo ulikuwa na utepe wenye ukingo mnene, upande wa pili ulikuwa na vibanio vya chuma, na kichwa kilivilazimisha vibanio kuuma ule ukingo wa kitambaa. Kilikaa laini, hakikuwa na kulabu za kuponyoka, na kilipendeza. Lakini chuma kikiuma kitambaa mara mia, kitambaa hulika. Ukingo ulisagika baada ya kufungwa na kufunguliwa mara chache, na kifungo kikafa. Fundisho alilolipata Sundback ni kwamba chuma kiumane na chuma, na utepe ubaki na kazi ya kubeba tu. Ukiwaza kuhusu mabegi yako, utaona ni fundisho lilelile: utepe wa zipu usiachiwe kufanya kazi ya meno.

Mwishoni mwa mwaka 1913 akapata muundo niliokueleza juu: meno yanayofanana pande zote mbili, kila moja likiwa na nundu na kishimo. Tazama ujanja wake. Kwa Judson, upande mmoja ulishika na mwingine ukashikwa, na kulabu moja ikiponyoka inaacha pengo. Kwa Sundback kila jino linashika na kushikwa kwa wakati mmoja. Halafu aliyabana meno karibu karibu. Kulabu zilizotangulia zilikuwa 4 hivi kwa inchi; yeye alifikisha 10 au 11. Meno yakikaribiana, utepe ulionyooka hauachi nafasi ya nundu kutoroka. Hataza namba 1,219,881 ya muundo huo ilitolewa tarehe 20 Machi 1917. Kwa hiyo ukiona kitabu kinasema 1913 na kingine 1917, vyote viko sawa: cha kwanza kinahesabu muundo, cha pili kinahesabu hati.

Na bado hapo zipu haikuwa imepatikana. Piga hesabu. Begi lenye zipu ya sentimita 50 kwa msongamano wa Sundback linahitaji meno kama 200. Tuseme nafasi kati ya jino na jino upande wa kulia imezidi ya kushoto kwa sehemu moja tu katika mia. Ukifika mwisho, upande mmoja umeuzidi mwingine kwa nusu sentimita, na kitambaa kinakunjamana au meno yanabishana. Nundu ikiwa kubwa kuliko kishimo, kichwa kinakwama. Ikiwa ndogo, zipu inaachia. Jino moja baya kati ya 200 linatosha kuiharibu zipu nzima. Vifungo vya kawaida havina shida hiyo: kimoja kikikatika, vingine vinaendelea na kazi.

Jibu la Sundback lilikuwa mashine, nayo ndiyo ninayoistahi kuliko hata jino lenyewe. Njia ya kawaida ilikuwa kukata vipande kutoka kwenye bamba la chuma, na chuma kingi kinaishia kuwa taka. Yeye alitumia waya ambao ukiukata unaonekana una umbo la Y. Mashine ilikata kipande chembamba cha waya, na kipande hicho tayari kilikuwa jino: miguu miwili ya Y ikipanda utepe kushoto na kulia, na mwili ukibaki nje. Kibonyezo kikagonga mara moja, kikatoa nundu upande mmoja na kishimo upande wa pili kwa pigo hilohilo. Kisha miguu ikabanwa juu ya ukingo wa utepe, utepe ukasogea kipimo kimoja, na kipande kinachofuata kikaja. Hakuna chuma kinachotupwa. La maana zaidi, kila jino limezaliwa na waya uleule, kibonyezo kilekile na msogeo uleule wa utepe, hivyo hata kama kipimo kimezidi kidogo, kimezidi kwa meno yote. Ndani ya mwaka wa kwanza mashine zake, huko Meadville ambako kampuni ilianzishwa upya mwaka 1913, zilitoa futi mia kadhaa za zipu kwa siku.

Kwa hiyo mwambie kijana: Judson alileta kichwa cha kuteleza, Sundback akaleta jino na mashine. Akibanwa kwenye mtihani achague jina moja, mimi ningeandika Sundback, kwa sababu zipu unayoshona wewe ni yake. Ya Judson ungeitazama usiitambue. Ila ajue pia kwamba huko Uswisi, karibu na wakati huohuo, Katharina Kuhn-Moos na Henri Forster walipata hataza ya kifungo kinachokaribiana sana na hiki, nacho hakikuwahi kutengenezwa kiwandani. Wazo lilikuwa hewani. Lililokosekana ni njia ya kulifanya lizaliwe kwa maelfu.

Hili si la zipu peke yake. Angalia wembe wa kunyolea wa kubadilisha. King Gillette alipata wazo lake mwaka 1895, lakini wajuzi wa chuma walimwambia kwamba chuma chembamba namna ile hakiwezi kugeuzwa kigumu na kikali kwa bei ya kutupa. William Nickerson, mhandisi, ndiye aliyebuni namna ya kukipasha moto, kukipoza na kukinoa kwa mashine. Mwaka 1903 waliuza vishikio 51 na nyembe 168 tu. Mwaka uliofuata, ambao ndio hataza ya Gillette ilitolewa, vishikio vilipita 90,000. Wembe unabeba jina la mwenye wazo, lakini ungebaki mchoro bila mwenye mashine. Na hata kibanio cha karatasi cha ofisini, kile cha waya uliopindwa mara tatu: hataza ya William Middlebrook ya mwaka 1899 ilikuwa ya mashine ya kukitengenezea. Nawaambia vijana wanaosomea ufundi mitambo: ukiwa na wazo la kifaa kidogo, nusu ya uvumbuzi bado haijaanza. Jiulize kitatengenezwaje cha elfu moja.

Soko lenyewe lilikuja taratibu. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza mabaharia wa Marekani walinunua mikanda ya kuhifadhia fedha yenye kifungo hiki, na jeshi lao la majini likakitumia kwenye mavazi ya marubani. Baadaye zikaja pochi za tumbaku. Mwaka 1923 kampuni ya B. F. Goodrich ilianza kuuza buti za mpira zilizofungwa kwa kifungo cha Sundback, na jina ililozipa buti hizo, Zipper, ndilo lililobaki kwenye kifungo hadi leo. Nguo za kawaida zilifuata hasa miaka ya 1930. Hataza za Marekani zilidumu miaka 17 wakati huo, hivyo ya 1917 ilimalizika mwaka 1934. Mwaka huohuo Tadao Yoshida alifungua biashara ya zipu Tokyo, ile inayojulikana leo kwa herufi YKK. Kazi yao ya mwanzo ilikuwa ya mikono mingi, mpaka mwaka 1950 alipoagiza mashine kutoka Marekani. Unaona tena: mashine.

Turudi kwenye meza yako.

Kichwa hukiumiza mambo mawili: vumbi na mzigo. Vumbi likiingia kwenye njia ya Y linasaga kuta za ndani kila zipu inapovutwa, na vichwa vingi vya bei nafuu vimesubuliwa kwa zinki, chuma laini. Mzigo ni vitabu vinavyosukuma mdomo wa begi utengane wakati mtoto anafunga. Nguvu hiyo yote, palepale kichwa kilipo, inabebwa na kuta za kichwa. Siku hadi siku mabamba yanaachana. Meno yakipita humo hayasukumwi vya kutosha, yameinama kidogo, nundu haijafika kishimoni, na utepe ukinyooka yanapitana bila kushikana. Hapo ndipo unaona zipu “imefungwa” kisha inapasuka nyuma ya kichwa.

Kuminya kwa plaizi kunarudisha mabamba karibu, lakini kuta zilizolika haziongezeki unene. Meno yanasukumwa kwa nguvu dhidi ya chuma kilichokwisha, kinalika haraka zaidi, na wewe unarudishiwa begi. Ukilazimika kufanya hivyo kwa mteja wa haraka, minya nyuma tu, kwenye njia moja, si mbele kwenye matawi mawili. Minya kushoto kidogo, kulia kidogo, ukijaribu kila mara, kwa sababu zinki iliyosubuliwa haipendi kupindwa na hupasuka ghafla. Na umwambie mteja kwamba ni ya muda.

Dawa ni kichwa kipya. Fumua mshono kidogo kwenye mwisho ambako zipu huanzia kufungwa, toa kile cha zamani, kisha ingiza kipya: ncha ya utepe wa kulia ipite tawi la kulia la mbele, ya kushoto ipite la kushoto, zote zikiwa usawa mmoja. Ukikosea kwa jino moja utaona utepe unatengeneza kivimbe. Toa uanze upya, usilazimishe. Kikishashika vizuri, shona mishono minene kwenye mwisho kuwa kizuizi, ndipo urudishe mshono wa begi. Ukiwa umezoea, ni kazi ya dakika chache, na inakugharimu bei ya kichwa kimoja. Kama kichwa kipya hakishiki, hapo sasa ndipo uyatazame meno: ya chuma yawe hayajang’oka wala kulegea kwenye utepe, ya nailoni yawe hayajalala au kuvutika. Ya nailoni ni uzi mmoja mnene uliozungushwa, si vipande. Faida yake ni kwamba hayapukutiki, na yakiachia katikati unarudisha kichwa mwanzo na kufunga tena. Hasara yake ni joto: pasi kali ikipita juu yake, umbo linakwisha na halirudi.

Mgongoni mwa kichwa kwa kawaida kuna namba: 3, 5, 8, 10. Inakaribiana na upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa milimita. Kwa mdomo mkubwa wa begi la shule tumia 8 au 10, na 5 uiache kwa mifuko ya mbele. Wengi huweka 5 kila mahali kwa sababu ni rahisi, na mzigo wa vitabu ukaimaliza. Weka vichwa viwili kwenye mdomo mkubwa, ili kila kimoja kitembee nusu ya njia. Acha nafasi kati ya mshono wako na meno, kichwa kipite bila kusugua kitambaa. Na kwenye kona za begi, kata mviringo mpana. Umeshaona kwamba kupindika ndiko kunakoyatawanya meno, hivyo kona kali ni mahali ambapo umeialika zipu iachie yenyewe.

Kuhusu kulainisha, paka nta ya mshumaa kwenye meno ya chuma. Mafuta ya kupikia usiyatie kamwe, yanakamata vumbi na kulifanya unga wa kusagia. Zipu ya nailoni yenye vumbi inataka mswaki na maji tu.

Limebaki moja, na nadhani ndilo chanzo cha mabegi yako kurudi mapema hivyo. Mafundi wengi sasa hununua zipu ya rola kwa mita na vichwa kando kwa dazani, mara nyingi kutoka viwanda tofauti. Sundback alitoa jino na kichwa kwa vipimo vya nyumba moja. Wewe unaunganisha nyumba mbili ambazo hazijawahi kuonana, na namba 5 ya kiwanda hiki inaweza kuwa imelegea kwenye rola ya kile. Tena kichwa cha meno ya chuma hakifai kwenye nailoni hata namba ikilingana, kwa kuwa njia ya ndani imechongwa kwa umbo tofauti. Basi kabla ya kununua dazani, nenda dukani na kipande cha rola yako cha urefu wa shubiri mbili. Ingiza kichwa kimoja, kivute huku na huku mara nyingi, kisha funga na ukipinde kipande hicho kwenye kiganja huku ukizivuta pande mbili zitengane. Halafu kitikise kichwa juu na chini kwa vidole. Kikicheza sana juu ya meno, au meno yakiachia kwenye kiganja, kirudishe kwa muuzaji na ujaribu cha kiwanda kingine.